Kwani Viza si Viza?

Kuna maswali ambayo mhadhiri huulizwa chuoni, na kuna maswali ambayo huulizwa akirudi kwao. Chuoni naulizwa kuhusu dola, tabaka na katiba. Mpanda naulizwa kuhusu viza. Watu wakishajua kwamba una shahada ya uzamivu na kwamba uliwahi kupanda ndege, basi wewe ni ubalozi mdogo. Utaletewa pasipoti mpya zisizo na muhuri hata mmoja, barua za udahili zilizochapwa katika vibanda vya stesheneri, picha zilizopigwa kwenye kioo cha simu, na swali ambalo karibu kila mara hujengwa vilevile: "Daktari, viza ya nchi fulani ni shilingi ngapi?"

Muuzaji wa nauli huulizwa bei, na muuzaji wa mahindi huulizwa bei. Afisa wa ubalozi hana anachouza, ingawa ada yake ni kubwa na hairudishwi hata akikunyima. Yeye ndiye anayeuliza, na maswali yake ni mawili: unakuja kufanya nini, na utaondoka lini? Aina zote za viza ulimwenguni, kwa majina na herufi na namba zake zote, ni matawi ya maswali hayo mawili. Kuna anayekuja kutembea, anayekuja kusoma, anayekuja kufanya kazi, anayekuja kumfuata mwenzi wake, anayepita tu kuelekea kwingine. Kila mmoja hupewa karatasi yake, na karatasi ya mmoja haimfai mwingine. Hata ukishaipata, bado afisa wa mpakani ana mamlaka ya kukurudisha, kwa sababu viza hukufikisha mlangoni tu.

Haya yanaweza kuonekana kuwa mambo madogo ya taratibu, yasiyostahili ukurasa ambao kwa kawaida huzungumzia siasa na jamii. Sioni hivyo, na sababu yangu ni hii.

Likizo moja ya katikati ya mwaka, jirani yetu wa Makanyagio, mkulima wa mpunga, alikuja nyumbani jioni akiwa na binti yake wa miaka 22. Baada ya salamu na habari za mvua, mzee akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Mwanangu, kila kitu kimekamilika," akasema. "Tunataka utusomee tu, maana Kiingereza ni kingi." Binti alikuwa aondoke baada ya siku tisa kwenda Falme za Kiarabu kufanya kazi za nyumbani. Wakala, ambaye wao walimjua kwa jina moja na namba ya simu, alikuwa amekwisha kupokea 2,400,000, fedha iliyotokana na mpunga wa msimu mzima na ng'ombe wawili.

Karatasi ilikuwa viza halali. Sikuona dalili ya kughushiwa. Ilikuwa na picha ya binti, namba ya pasipoti yake na tarehe. Pale penye aina ya viza paliandikwa utalii, siku 60, kuingia mara moja. Jina la mwajiri halikuwapo popote. Nikawaeleza. Mzee akanisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akauliza kwa mshangao wa kweli kabisa: "Lakini ndege itampokea, na kule watampokea. Kwani viza si viza?"

Swali lile limenikaa kuliko maswali mengi niliyoulizwa katika semina za uzamili. Mzee alikuwa sahihi katika kila alichokisema: ndege ingempokea, na huenda afisa wa uwanjani naye angempokea. Tatizo lingeanza siku ya pili, akishika ufagio. Katika nchi za Ghuba, ruhusa ya mgeni kufanya kazi hufungwa kwenye jina la mwajiri anayemdhamini, yaani kafili. Mfumo huo una ukali wake, na umelaumiwa kwa haki, maana humfanya mfanyakazi amtegemee mtu mmoja kwa mshahara, kwa makazi na kwa uhalali wa kuwapo kwake nchini. Lakini aliyeingia kwa viza ya utalii hana hata hicho. Akinyimwa mshahara akaenda polisi, kosa la kwanza litakaloonekana mezani ni lake yeye: mtalii aliyekuwa akifanya kazi. Wakala asiye mwaminifu analijua hili vizuri. Viza ya utalii kwake ni rahisi na ya haraka, haipiti kwa Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania wala haimlazimu kupeleka mkataba ukahakikiwe na ubalozi wetu, na juu ya yote humfanya msichana aogope kulalamika.

Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wanawake wa Kitanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Walihojiwa wafanyakazi 50. Walisimulia kunyang'anywa pasipoti, kukosa mapumziko, mishahara kupunjwa au kutolipwa, na wengine kupigwa na kudhalilishwa. Wanafunzi wangu huisoma ripoti hiyo kama habari ya haki za binadamu, nayo ni hivyo. Mimi naisoma pia kama habari ya karatasi: ni nani aliyekwenda na mkataba, nani alikwenda bila mkataba, na nani aliyesomewa kilichoandikwa kabla hajapanda ndege. Mtu wa Unguja aliye na shangazi Muscat anaweza angalau kupiga simu. Binti wa Makanyagio hana shangazi Muscat.

Binti wa jirani hakuondoka. Fedha hazikurudi, na namba ya simu ya wakala ikaacha kupatikana. Mwenzake, aliyekuwa kwenye msafara uleule, alikwenda. Yupo huko hadi leo, na simu yake hupatikana usiku wa manane tu, wenye nyumba wakishalala.

Mtu anaweza kudhani kwamba watu wa Katavi ni wageni wa mambo haya kwa kuwa tuko mbali: mwisho wa tawi la reli linalochepuka Kaliua, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Dar es Salaam. Mimi ningesema kinyume chake. Mikoa michache ya Tanzania imeijua ruhusa ya kusafiri kwa undani kama huu wetu. Waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi walipewa makazi Ulyankulu, upande wa Tabora, na kwetu Katumba na Mishamo. Katumba ilianza 1973, Mishamo 1978. Walipewa ardhi, wakaifyeka misitu, wakalima mahindi, maharage na tumbaku, na soko la Mpanda likashiba kwa jasho lao. Lakini kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali cha maandishi. Mtu aliyetaka kwenda Mpanda mjini kumwona mgonjwa alipaswa kueleza anakwenda wapi, kufanya nini, na atarudi lini. Msomaji ameyatambua maswali hayo. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti Mishamo katikati ya miaka ya 1980, aliandika kitabu ambacho hadi leo husomeshwa katika vyuo vingi duniani, na ndani yake vibali hivyo vimo.

Kisha likaja zoezi la uraia. Kuanzia 2007 serikali iliwapa wakimbizi wa 1972 uchaguzi wa kurejea Burundi au kuomba uraia. Waliokubaliwa kuwa Watanzania walikuwa wapatao 162,000, lakini walisubiri miaka kadhaa, raia kwa tamko na si kwa hati, hadi vyeti vilipoanza kutolewa mwishoni mwa 2014. Nilizungumza na mzee mmoja wa Katumba aliyekitunza cheti chake ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya bahasha, ndani ya sanduku la bati. Nilimuuliza kama amewahi kukitumia kwa safari. Akacheka. "Nilikwenda Sumbawanga," akasema. "Sikumuaga mtu." Nimewahi kusoma nadharia nyingi za uraia. Sikumbuki iliyosema mengi kwa maneno machache namna hiyo.

Kwa hiyo tunapomwambia kijana wa Nsimbo au Tanganyika kwamba dunia inataka kujua kusudi la safari yake, hatumwambii jambo geni. Jambo geni ni namna ya kulithibitisha, na hapo ndipo dhuluma ya kimya ilipojificha.

Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1952, kifungu cha 214(b), inalisema wazi: mwombaji wa viza ya muda huchukuliwa kuwa anakusudia kuhamia moja kwa moja hadi athibitishe vinginevyo. Nchi nyingine hazikuliandika kwa ukali huo, lakini dhana ni ileile. Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kwenye mkutano wa kitaaluma katika nchi moja ya ng'ambo, wenyeji wakigharimia nauli na malazi. Nilipeleka barua ya mwajiri, barua ya mwaliko, taarifa ya benki ya miezi sita na cheti cha ndoa. Jibu lilikuwa sentensi mbili: afisa hakuridhika kwamba ningeondoka nchini humo baada ya ziara. Makala yangu ilisomwa na mwenzangu mwenye pasipoti ya rangi nyingine. Mimi nina ajira ya kudumu na mshahara unaopita benki. Sasa mfikirie mfugaji wa Kisukuma aliyehamia Mpimbwe, mwenye ng'ombe 300, ambaye mwanawe amepata nafasi ya kusoma nje. Kwa vipimo vya kijijini huyo ni tajiri. Kwa vipimo vya dirisha la viza ni fukara, kwa kuwa ng'ombe hawaonekani katika taarifa ya benki, shamba lake halijapimwa, na mauzo yake ya mpunga yalilipwa taslimu kando ya ghala. Utajiri wetu hauna risiti. Afisa anayemnyima viza hana haja ya kuwa mbaguzi. Inatosha awe anasoma karatasi tu.

Na karatasi zina bei kabla hata ya kufika kwenye dirisha. Pasipoti ya kielektroniki iliyozinduliwa Januari 2018 ni 150,000, na kabla yake kuna cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, na vyeti au viapo vya kuzaliwa kwa wazazi. Kwa mtoto wa raia wa tajnisi kuna cheti cha mzazi pia, kile cha ndani ya sanduku la bati. Kisha alama za vidole, ambazo hazitumwi kwa simu: ni lazima ufike mwenyewe, na mara nyingi hapo ni Dar es Salaam. Dodoma ni makao makuu kwa sheria, lakini balozi nyingi bado zinapunga upepo wa bahari. Mwombaji wa Kinondoni hupanda daladala. Wa Mpanda hupanda basi usiku na mchana, hulala kwa ndugu au gesti, na akiambiwa kuna karatasi imepungua huanza upya. Kuna nchi zisizo na ubalozi kabisa hapa, kama Australia, ambayo hutuhudumia kutoka Nairobi.

Ada ya viza ya muda mfupi ya eneo la Schengen ilipanda kutoka euro 80 hadi 90 mwezi Juni 2024. Viza hiyo humruhusu mtu kukaa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180 katika nchi zote 29 za eneo hilo, na huombwa katika ubalozi wa nchi atakayokaa zaidi. Kwa sharti la bima ya matibabu ya angalau euro 30,000, wengi hukwama hapo. Lakini viza hiyo haimfai anayekwenda kusoma shahada. Huyo anahitaji viza ya taifa ya nchi husika, na Ujerumani, mfano wa karibu kwa wanafunzi wangu kwa kuwa vyuo vyake vingi vya umma havitozi karo, humtaka aonyeshe 11,904 za euro kwa mwaka katika akaunti iliyofungwa, ambayo atachota kidogo kila mwezi. "Elimu ya bure" inaanza kwa kuweka zaidi ya milioni 30 za shilingi mezani. Uingereza nayo, mbali na ada ya viza, humtoza mwanafunzi pauni 776 kwa kila mwaka kwa ajili ya huduma za afya, na humtaka Mtanzania anayekwenda kwa zaidi ya miezi sita apime kifua kikuu. Marekani iliiweka Tanzania, Oktoba 2025, katika orodha ya nchi ambazo waombaji wa viza za utalii na biashara wanaweza kudaiwa dhamana ya dola 5,000, 10,000 au 15,000. Tutazame jinsi maneno yanavyobadilika: kwanza uthibitishe kwamba utarudi, sasa uweke rehani.

Ndiyo maana huwa nawashangaza vijana ninapowauliza kwanza kama wameangalia karibu. Raia wa Tanzania hahitaji viza kwenda Kenya, Uganda, Rwanda au Burundi, na Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki inatumika tangu Julai 2010. Zambia haituombi viza. Afrika Kusini hutupa siku 90 kwa mwaka. Makerere ina historia ambayo vyuo vingi vya Ulaya vingeionea wivu. Lakini hata hapa msomaji asome vizuri: kutohitaji viza ni ruhusa ya kuingia, si ruhusa ya kuajiriwa, na mwanafunzi bado anapaswa kuchukua kibali chake cha masomo. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda huvuka kwa wenzao kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Sisi hatukuingia katika mpango huo, tunabeba pasipoti au hati ya dharura. Serikali yetu ina sababu zake za tahadhari. Sijashawishika kwamba zinamzidi uzito mwanafunzi anayekosa mwezi wa kwanza wa masomo Kampala kwa kusubiri kitabu.

Nikiwa Karema, ng'ambo ya ziwa ikionekana kama wingu, huwa namkumbuka Adriano Atiman. Alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Mali, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomea udaktari Malta, na mwaka 1889 akafika Karema. Alitibu watu hapo hadi alipofariki 1956. Hakuna afisa aliyemuuliza ataondoka lini. Leo daktari wa Mali anayetaka kutibu Karema angehitaji viza na kibali cha ukaaji, na pengine angekata tamaa akiwa Bamako.

Kwa maana nasi tuna dirisha letu. Mgeni anayekuja kuona viboko wa Hifadhi ya Katavi hulipa dola 50 kwa viza ya kawaida, Mmarekani dola 100 kwa ya kuingia mara nyingi, na tangu Novemba 2018 anaweza kuiomba kwa intaneti akiwa kitandani kwake. Viza ya biashara ni dola 250. Mtafiti lazima apate kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Nimewakuta, si mara moja, vijana wa Kizungu wakifundisha katika shule za vijijini kwa viza ya utalii, nao hawakujua kwamba wanavunja sheria. Mwalimu mkuu alifurahi kupata mwalimu wa bure wa Kiingereza. Nilimwambia yule kijana alivyostahili kuambiwa, na akashtuka kwamba Tanzania ina sheria ya namna hiyo. Kosa lake ni lilelile ambalo binti wa Makanyagio alikuwa akisukumwa kulitenda. Tofauti ni kwamba yeye, akikamatwa, angerudishwa nyumbani na hadithi ya kusimulia.

Baada ya kisa cha binti yule niliandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili: aina za viza, maneno matano ya Kiingereza ya kutafuta kwenye karatasi, swali la kumuuliza wakala kuhusu jina la mwajiri, na mahali pa kuhakiki mkataba. Nikaupeleka katika ofisi moja ya umma, nikaomba ubandikwe kwenye ubao wa matangazo. Afisa aliusoma wote, akausifu, akaniambia mambo ya ajira nje si yao, ni ya wizara nyingine. Ofisi ya pili ikanielekeza ya tatu. Ya tatu iliniomba barua rasmi yenye muhuri wa chuo, nami nimeshaipeleka. Wakati huohuo kijana wa stesheneri karibu na stendi ya mabasi alitoa nakala 40 kwa fedha zake mwenyewe, akaibandika moja kwenye mlango wake, chini ya bei ya picha za pasipoti. Nakala zikiisha huniandikia ujumbe, nami humtumia fedha ya karatasi.